Kuaga Ujerumani: chumba, karatasi, kisha pilau

Ukimaliza masomo Ujerumani, usikae ukisubiri kuagwa. Kwetu Tanzania msafiri huandaliwa: kamati inaundwa, watu wanachanga, yeye anakaa mbele kusikiliza hotuba. Kule kazi yote ni ya anayeondoka. Keki ya siku ya mwisho ofisini huileta yeye, karamu huandaa yeye, na hakuna ofisi itakayojua kuwa umeondoka mpaka uende ukaiambie. Asiyejua hilo hufuatwa na ankara hadi nyumbani Mbezi, Dar es Salaam.

Anza na chumba, maana ndicho chenye muda mrefu. Mkataba wa kawaida wa kupanga huvunjwa kwa notisi ya miezi mitatu, na barua ikimfikia mwenye nyumba kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijaisha, mwezi huo unahesabiwa. Ikifika mwanzoni mwa Juni, mkataba unakwisha 31 Agosti. Ikichelewa hata siku moja, umejiongezea kodi ya mwezi mzima. Iwe karatasi yenye sahihi ya mkono. Barua pepe haitoshi. Hosteli za wanafunzi zina masharti yake na mikataba mingi hufuata muhula, yaani 31 Machi au 30 Septemba, kwa hiyo soma mkataba wako na si wa jirani.

Amana ya chumba inaweza kufika kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto na maji, nayo huokolewa au hupotea siku ya makabidhiano. Kinachowaponza wengi si uchafu wa sakafu, ni chokaa. Maji ya miji mingi ya Ujerumani yana chokaa nyingi, na baada ya miaka miwili bomba, kichwa cha bafu na birika vimeshapata ganda jeupe. Nunua unga wa asidi ya limau, ule wa kusafishia, changanya vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa lita moja ya maji baridi, funga kitambaa kilicholowa kwenye bomba kwa nusu saa, halafu sugua na kusuuza. Maji yasiwe ya moto: asidi hiyo ikipashwa pamoja na chokaa huacha ganda jingine gumu kutoa kuliko la kwanza. Siki kali nayo hula mipira ya ndani ya bomba.

Friza izimwe siku moja kabla, mlango ukiwa wazi na taulo chini. Matundu ya misumari yazibwe. Meza na godoro usivitupe barabarani hata kama umeona wengine wakifanya hivyo, kwa sababu kuna faini. Takataka kubwa hubebwa na manispaa kwa miadi, na miadi yenyewe huchukua wiki kadhaa. Mpe vitu mwanafunzi anayekuja.

Siku ya kukabidhi, jazeni fomu ya makabidhiano mkiwa wawili, mpige picha kila ukuta na namba za mita za umeme na maji, mhesabu funguo na kuandika idadi yake. Ufunguo mmoja uliopotea ni balaa kwenye hosteli zenye mfumo mmoja wa makufuli, kwani unaweza kudaiwa kubadilisha vitasa vya mlango mkuu pia. Fedha zenyewe hazirudi siku hiyo. Mwenye nyumba ana haki ya kukaa nazo miezi kadhaa, na sehemu yake anaweza kuizuia hadi hesabu ya mwaka ya maji na joto itoke. Ndiyo maana akaunti ya benki ya Ujerumani hufungwa mwisho kabisa, si wiki ya safari.

Kisha manispaa. Kujiondoa kwenye daftari la wakazi, Abmeldung, hufanyika mapema zaidi wiki moja kabla ya kuhama na si zaidi ya wiki mbili baada yake. Cheti chake ni karatasi ndogo yenye nguvu kubwa: bima ya afya wataitaka, kampuni ya simu vilevile, na ofisi ya ada ya redio na televisheni pia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, na kama akaunti iko kwa jina lako, kujiondoa manispaa hakuifungi. Waandikie mwenyewe, uambatishe nakala.

Waliofanya kazi huku wakisoma wasiache fedha za pensheni. Kama ulikatwa michango (asilimia 9.3 ya mshahara kwa kazi ya kawaida ya mwanafunzi), Mtanzania aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kudai sehemu yake mwenyewe baada ya miezi 24 tangu aache kuchangia, akiwa anaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Fomu inaitwa V0901. Ya mwajiri hairudi. Aliyejitoa kwenye michango alipokuwa na kazi ndogo ya ujira mdogo (Minijob) hana cha kudai. Kodi ya mapato iliyokatwa zaidi nayo hudaiwa kwa hiari hadi miaka minne nyuma, kwa hiyo hifadhi hati za mishahara.

Chuoni, rudisha vitabu kabla ya kuomba hati ya kufutwa usajili. Hamisha barua pepe na faili zote mapema, kwani akaunti ya chuo hufungwa baadaye na mara nyingi hakuna wa kumlilia. Chukua cheti, orodha ya alama na Diploma Supplement (kiambatisho kinachoeleza shahada yako), vyote kwa Kiingereza pia, na nakala zilizothibitishwa tatu au nne, kwa sababu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itavihitaji utakapoomba shahada yako itambuliwe. Barua ya mapendekezo iombe ukiwa bado unaonekana kwenye korido. Profesa wa chuo cha serikali kwa kawaida ni mtumishi wa umma, na zawadi ya thamani inaweza kumletea matatizo, hasa kabla alama hazijatoka. Pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro baada ya alama inatosha.

Sasa pilau. Mialiko itoke wiki tatu kabla, ukiuliza nani hali nyama. Kwa watu 25, kilo 2.5 za mchele wa basmati, kilo 2 za nyama, kilo 1.5 za vitunguu. Gawa sufuria mbili, moja ya dengu na viazi kwa wasiokula nyama. Hao wahesabu wawe wengi kuliko unavyodhani. Mchele usiwe ule uliochemshwa kiwandani, haushiki bizari. Loweka nusu saa, kisha vikombe vya maji viwe moja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Jiko la umeme la hosteli hubaki na moto hata ukilizima, ndiyo sababu chini huungua wakati juu bado mbichi. Supu ikikauka hadi usawa wa mchele, funika na uingize kwenye oveni, nyuzi 150, dakika 20 hadi 25. Hapo umepata moto wa juu bila kupalia makaa. Mishikio ya sufuria isiwe ya plastiki.

Vitunguu vikaangwe dirisha likiwa wazi na mlango wa korido umefungwa, kwa sababu king'ora cha moshi hakijui tofauti ya karafuu na moto, na katika majengo mengine kinaita zimamoto moja kwa moja. Siku mbili kabla, bandika kikaratasi ngazini kuwaambia majirani kuna sherehe, uandike namba ya simu, na muziki ushuke saa nne usiku. Wageni watafika kwa wakati, kwa hiyo ukiwaalika saa moja jioni, sufuria iwe tayari saa moja kamili.