Shoo za laivu nilizoenda na washkaji, zile ambazo hazitoki kichwani

Mimi ni mtu wa muziki wa laivu, naomba niseme mapema. Siyo kwamba sisikilizi nyimbo kwenye simu, nasikiliza kutwa nzima, ila kinachonifanya nitoe hela nipande boti, au nikeshe Temeke wakati kesho kuna kazi, ni kumuona mtu anapiga gita pale mbele yangu jasho linamtoka, anamtupia jicho mpiga drums na washaelewana hapo hapo. Washkaji zangu nao wako hivyo hivyo, ndo maana tumedumu. Kuna fundi simu wa Kariakoo, kuna mwalimu wa shule ya msingi kwao Bukoba, halafu kuna dada mmoja nesi ambaye besi ikianza tu hataki kusemeshwa na mtu.

Nianze na Sauti za Busara manake hapo ndo kwetu. Tamasha lilianza 2004, linafanyika Unguja mwezi wa pili, na miaka mingi jukwaa kubwa limekuwa ndani ya Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe, ile ngome ya Waomani waliyoijenga baada ya kumtimua Mreno. Kitu ninachowapendea ni msimamo wao, pale hupandi na flashi yenye nyimbo zilizorekodiwa, unapanda na bendi, mnapiga wenyewe mwanzo mwisho. Kwa mtu aliyezoea shoo za mjini hilo peke yake linatosha kukufanya ukae mkao wa kula.

Bi Kidude, yule gwiji wa taarab wa Zanzibar, nilimuona pale, miaka michache kabla hajatutoka Aprili 2013. Umri wake kila mtu alikuwa na hesabu yake, wengi walisema kavuka mia. Katoka taratibu kashikwa mkono, watu kelele, mi nikawaza huyu bibi si wangemuacha apumzike jamani. Alipofungua mdomo nikasahau mawazo yote. Sauti nzito, ina mikwaruzo, inajaa uwanja mzima. Nesi wetu akanishika bega akaniambia muangalie kifuani, angalia anavyovuta pumzi, anavuta mara moja anaenda nayo mstari mzima. Kuanzia hapo nikawa naangalia pumzi tu, na kweli, vijana wengi waliopanda usiku ule walikuwa wanahema kuliko yeye. Halafu akaletewa ngoma yake ya msondo, ile ndefu ya unyago, ikafungwa kiunoni akaanza kuipiga, na wanawake wa Kizanzibari waliokuwa mbele yetu wakapiga vigelegele vya kutoka ndani kabisa, unaona kabisa hawa wanamjua huyu bibi kwa namna ambayo sisi wa Bara hatutakaa tumjue.

Jagwa Music nao. Hawa ni bendi ya mchiriku, ule muziki wa mitaani wa Dar, wapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 90, na kama umekulia uswahilini unajua mchiriku ulivyokuwa unasemwa, muziki wa wahuni, wazazi hawataki kuusikia. Sasa waone kwenye steji ya kimataifa na vinanda vyao vidogo vya Casio vya zamani, sauti inapasuka kwenye spika, jamaa mmoja kakaa na kigoda cha mbao anakicharaza kwa vijiti mbio mbio mpaka huoni mikono, na Jack Kazimoto anaimba habari za mtaani hajali kama mbele kuna balozi au nani. Fundi simu alipagawa, akajipenyeza mpaka ubavuni mwa steji kukitazama kinanda, karudi anatuelezea kwamba ule mkwaruzo siyo ubovu, wameutafuta, wanasukuma ile sauti kwenye amplifaya mpaka inaumia na ndo raha yenyewe. Wazungu wanaruka, watoto wa Darajani wanaruka, wamama wa Kihindi wanaruka. Mi nilijisikia fahari sana usiku ule, kwa sababu ule ni muziki wa kwetu kabisa na haukubadilishwa hata kidogo ili uingie pale.

2016 tamasha halikufanyika, wafadhili walipungua na hela haikutosha. Iliniuma. Unazoea kitu mpaka unadhani kipo tu kama mvua za masika, kumbe kuna watu wanahangaika mwaka mzima kukisimamisha. 2017 kikarudi, na 2018 ndo ule mwaka wa Saida Karoli.

Mwalimu wetu ni mtu mkimya, Mhaya wa Bukoba, anaweza kumaliza soda mbili hajasema neno. Saida alipopanda na ngoma zake na kuanza Kihaya, jamaa akabadilika, akawa anaimba kila neno kwa sauti, machozi yanamtoka na wala hajifuti. Nyimbo zile mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipigwa kwenye kila harusi nchi hii, wote tulizicheza bila kujua zinasema nini, ila yeye alizisikia nyumbani, kwa mama yake. Nilimuangalia yeye kuliko nilivyoangalia jukwaa na sijutii. Mwaka huo huo wakaja Kasai Allstars kutoka Kinshasa, likembe, vile vinanda vidogo vya kupiga kwa vidole gumba, zimepitishwa kwenye umeme zinavuma kama nyuki, tukacheza mpaka miguu ikagoma, tukavuka barabara tukaingia Forodhani kunywa juisi ya miwa na kubishana nani mkali mpaka wauzaji wakaanza kufunga meza.

Tukirudi Dar, bendi za dansi za Msondo na Sikinde wakikutanishwa jukwaa moja, hiyo kwangu ni zaidi ya mechi ya Simba na Yanga. Msondo ni ile iliyoanza kama NUTA Jazz 1964, wenyewe wanajiita baba ya muziki, na Sikinde ni DDC Mlimani Park ya 1978, ngoma ya ukae. Mzee Muhidin Gurumo aliimba kote kote, akawa kati ya walioianzisha Mlimani Park, baadaye akarudi Msondo mpaka alipostaafu 2013, mwaka uliofuata akafariki. Raha ya pale ni ukumbi wenyewe. Wazee wamevaa suruali za kitambaa zimenyooka pasi, wamama wanainuka kwenye viti vya plastiki wanaenda kumtunza muimbaji, noti inabandikwa kwenye paji la uso, muimbaji haachi hata silabi. Matarumbeta yakiitikiana na gita la solo, yule dada nesi anafumba macho na hapo usimguse.

Ndo maana naumia nikienda shoo nyingine. Kuna tamasha moja la bongo fleva, jina naliacha, tumesimama masaa kibao, msanii kapanda, wimbo unapigwa mzima na sauti yake imo ndani, yeye anaruka ruka na kusema mikono juu. Umeme ukakata kidogo, maiki ikabaki hewani, kimya. Watu wamelipa hela zao jamani! Na vijana wetu wana sauti, nimewasikia wakipewa bendi wanavyofanya maajabu. Mapromota wekeni bendi. Wapiga vyombo wapo, wengi tu, wanapiga kwenye mahoteli usiku hawajulikani hata majina.

Sasa hivi fundi simu yuko Muscat kikazi, kila mwezi wa pili anatusumbua tumrekodie. Safari hii tumegoma. Tumemwambia aombe likizo, mwalimu kashaahidi kushuka kutoka Bukoba, na nesi kashabadilishana zamu na mwenzake. Kama na wewe utakuwepo Unguja, sisi tunakaaga karibu na mafundi mitambo, pale saundi inakuja safi.