Siku moja maishani mwangu: kaseti, yaurti na taulo ya kijani

5h15. Kura imerudi, yaani umeme. Najua hata kabla sijafungua macho, juu frigo ya jirani inakohoa kwanza ndo inaanza kuunguruma, na mimi ni fundi wa sauti, masikio hayana likizo. Naruka kitandani nachomeka simu, nachomeka kompyuta, nachomeka na betri ile kubwa, maana hakuna anayejua itakaa masaa mangapi. Mama watoto bado amelala. Natoka uani polepole, natoa taulo moja kwenye kamba, ile ya kijani, naisokomeza kwenye begi. Sijaomba ruhusa.

Nafanya kazi kwenye redio moja ndogo ya mtaa hapa Lubumbashi, jina tuliache, huu ni mwaka wa 19. Sauti yangu hamjawahi kuisikia, mimi ni yule anayekaa nyuma ya kioo anapunga mkono mtangazaji anyamaze. Kiswahili changu ni cha Lubum, leo najaribu kukichana nywele ili na watu wa Dar na Mombasa waelewe, kikinitoroka mnisamehe.

Leo ni Jumamosi na saa 18h tuna emisyo, yaani kipindi, tuliyoitangaza wiki nzima: zile emisyo za redio na televisheni zilizodumu miaka na miaka, nyuma ya pazia kulikuwa na nini. Nusu ya kwanza za wenzetu wa mbali, nusu ya pili za kwetu. Za wenzetu nimeshaandaa. Za kwetu ndo kasheshe.

6h40. Manseba, dereva wa pikipiki, ananitoa Katuba mpaka mjini, nimekumbatia begi kifuani kama mtoto mchanga maana ndani mna glasi ya yaurti, yaani mtindi. Barabarani vumbi tupu. Nafika mweupe.

7h20. Rafu. Tuna rafu moja ya chuma kwenye kakorido karibu na choo, na ndo "arkivi" yetu, kaseti za dakika 60 na 90, zingine kwenye maboksi yake zingine ziko uchi, na juu yake kwa muda mrefu watu walikuwa wanaweka sabuni. Natafuta maigizo ya zamani ya Kiswahili cha huku. Napata kaseti moja imeandikwa kwa biki ya bluu TEATRE 3, naiweka, inazunguka nusu mzunguko inalia kama panya, inakwama. Haya. Chini naweka gazeti ili misumari isipotee, nafungua misumari yote mitano, ndani kale kasponji kadogo kanakobana kanda kwenye kichwa cha mashine kamedondoka, gundi imekufa. Nachukua kaseti nyingine ya kanisa iliyovunjika, naihamishia kanda kwenye ganda lake, rodi mbili, kasponji kapya, karatasi laini za pembeni zisijikunje, nafunga, nazungusha kwa biki mpaka kanda ikaze. Kazi ya dakika arobaini hiyo, na mikono ikitetemeka kidogo tu unaanza upya.

Napiga play. Jamani. Baba anarudi nyumbani siku ya mshahara bila bahasha, mke anamuuliza bahasha iko wapi, anajibu imebaki kazini inapumzika, na jirani anacheka nyuma ya mlango kicheko kile cha watu wa Kamalondo cha zamani. Nimekaa sakafuni nacheka peke yangu. Dakika nne na kidogo. Halafu tik, kale kasauti ka kubonyeza, na korale inaanza kuimba Aleluya, na inaendelea hivyo mpaka mwisho wa upande.

Mtu alirekodi korale juu ya maigizo. Nageuza boksi nione ni mshenzi gani. Upande wa nyuma kumeandikwa KORALE, PASAKA 2008. Mwandiko ni wangu.

Nilikaa hapo muda. Nimekumbuka na siku yenyewe, korale walikuja bila kaseti, mkuu akasema tafuta yoyote rafuni, mimi kijana mpya nikachukua ya kwanza iliyokaa mkononi. Hata sikuisikiliza kwanza.

9h. Shida ni kwamba karatasi yangu ya emisyo, ile ya nusu ya kwanza, nilikuwa nimeiandika ya kuwacheka Waingereza. Kuna ile Doctor Who ya BBC, mchezo wa televisheni wa msafiri wa anga na wakati, ilianza tarehe 23 Novemba 1963, kesho yake baada ya Kennedy kuuawa, watu wengi hawakuwa na kichwa cha televisheni siku hiyo, ikabidi wiki iliyofuata wairudie. Imedumu mpaka leo, ingawa iliwahi kulala miaka mingi katikati, na miaka ya 60 na 70 BBC wenyewe walifuta kanda zake nyingi kwa mikono yao. Sababu zao zinaeleweka ukizisikia: kanda za video zilikuwa ghali na zinaweza kurekodiwa tena, kurudia kipindi cha zamani kulibanwa na mikataba ya waigizaji, na rafu zimejaa. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atataka kuiona nyumbani kwake.

Cha kuuma zaidi ni sehemu ya mwisho ya The Tenth Planet, hadithi moja ya Doctor Who, ya Oktoba 1966. William Hartnell, staa aliyeigiza Doctor mwenyewe, alikuwa mgonjwa, hawezi kuendelea, ndo wakabuni ule ujanja kwamba mhusika anabadilika mwili anakuwa mtu mwingine, yaani ujanja uliofanya kipindi kisife na staa wake. Sehemu hiyo yenyewe haipo! Kale kakipande ka kubadilika sura kamebaki kwa sababu kalionyeshwa ndani ya kipindi kingine cha watoto.

Na zingine zimepatikana wapi? Jos, Nigeria. BBC walikuwa wanauza nakala za filamu nje, zikazunguka kwenye vituo vya televisheni vya nchi nyingine, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimeokotwa kwenye kituo huko Jos, zimekaa kwenye rafu. Miaka na miaka zimekaa na vumbi. Mimi nilikuwa nimeandika hapo "ona, Mwafrika ndo alitunza", nimepanga na kimziki cha ushindi. Sasa nimeshika kaseti ya Pasaka mkononi. Nikakata ile sentensi na kimziki nikakitoa.

11h. Yaurti. Hapa nilikuwa nimengojea wiki nzima. Waingereza hao hao wana The Archers, maigizo ya redio ya familia ya wakulima, wiki ya majaribio mwaka 1950, halafu nchi nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1951 na hayajasimama. Mwanzilishi wake, Godfrey Baseley, alitaka wakulima wapate mafunzo ya kilimo bila kusikia kama wanafundishwa, maana baada ya vita chakula bado kilikuwa kwa mgao. Kuna mama, June Spencer, aliigiza tangu ile wiki ya majaribio akastaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 103. Mia na tatu! Ila mimi fundi ninachopenda ni sauti. Geti la shamba lao ni meza ya kupigia pasi, ile ya kukunja, unaikunja inalia ngiiii. Nyasi kavu ni kanda kuukuu zilizorundikwa chini, unazikanyaga. Na kondoo akizaa, ni yaurti na taulo iliyolowa.

Kwa hiyo tukafunga mlango wa studio, mimi na stajeri wetu, dada mmoja wa chuo anayejifunza kazi kwetu. Nikamwaga yaurti kwenye beseni, nikaweka mikro karibu kabisa, sentimita kumi hivi, nikaingiza mkono nikaanza kuufinya polepole. Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya, kama mtu anapiga mswaki. "Yaya, ongeza maji," stajeri ananiambia. Nikaongeza. Hapo sasa! Mlio mzito unateleza, halafu nikachovya taulo, nikaiinua juu nikaiachia idondoke kwenye rundo la kanda iliyokufa: pwaa. Tulitazamana. Kondoo amezaliwa Lubumbashi, kwenye studio yenye joto, sioni aibu kusema nilipiga makofi.

Tulijaribu na ile sauti ya chombo cha kusafiria cha Doctor Who, kwamba Brian Hodgson, fundi wa sauti wa BBC, alichukua funguo ya mlango wa mama yake akakwaruza waya nzito za piano ya zamani. Sisi piano hatuna, tukakwaruza waya nene ya gitaa la besi la mkuu. Haikufanana na chombo chochote kinachoruka. Waya imechubuka kidogo, mkuu hajui, na kama anasoma hapa basi ndo amejua.

13h. Malewa, kibanda cha chakula cha nyuma ya redio: bukari, yaani ugali, lengalenga, yaani mchicha, na samaki tomson. Nimemualika viye mmoja, yaani mzee, aliyewahi kuigiza redioni enzi hizo, anavaa kofia hata akila. Namuuliza maandishi ya maigizo yako wapi, angalau nipate karatasi kama kaseti hakuna. Anacheka mpaka anaweka bukari chini.

"Karatasi gani, mwana? Hatukukuwa na karatasi. Tunaikala chini, mukubwa anasema leo ni mambo ya mushahara, anapanga nani anaingia wa kwanza, nani anatoka. Maneno kila mutu anajitafutia."

Na si kundi lao tu. Kundi la maigizo la Mufwankolo, ambalo mtu yeyote aliyekulia hapa analijua, redio na televisheni miaka na miaka, walifanya kazi hivyo hivyo. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alikuwa hapa, akapewa firigisi ya kuku kwenye chakula, akaambiwa usiigawe, mamlaka yanaliwa mazima. Akawauliza Mufwankolo na wenzake maana yake, wao badala ya kumjibu wakaigeuza mchezo mzima, na yeye akafuatilia jinsi mazungumzo yanavyozaliwa mazoezini bila kuandikwa mahali. Kwa hiyo mniwazie mimi na TEATRE 3 yangu. BBC wakifuta picha, angalau maneno yanabaki kwenye karatasi, na sauti zote zilibaki pia juu washabiki walikuwa nyumbani wanarekodi kwa tepu zao. Hapa ukifuta kaseti umefuta kila kitu.

Nikamwambia viye nilichofanya 2008. Alinitazama kidogo. "Korale iliimba muzuri?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kula. Samaki wangu pia alimmaliza.

15h10. Kura imeenda. Sikuwa nimesevu montaji, ile kazi ya kukata na kuunganisha sauti, ya dakika kumi na mbili. Sitaki kuizungumzia.

16h30. Jenereta. Narudia montaji. Kuna sehemu naipenda sana, ya Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza Julai 1993, na Mkwaju wake dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Wachache wanajua kwamba Dodoma hawakuupata mwanzoni, waliwekewa vipindi vingine mpaka 1995 ili watafiti walinganishe watu waliosikiliza na wasiosikiliza katika mambo ya uzazi wa mpango na ukimwi. Nikiwaza wale wa Dodoma wanafungua redio saa ile ile wakapewa kitu kingine, mkoa mzima, nacheka na nawahurumia. Mhariri anasema ndefu, kata. Nimekata sekunde kumi, nimemwambia thelathini.

18h. Hewani. Nusu ya kwanza imeenda vizuri. Tukapiga ile sauti ya yaurti bila kusema ni nini, watu wapige simu. Papa wa Ruashi: "Hiyo ni bukari, mama anasonga bukari na maji ni mingi." Kijana wa Kenya, mtaa wetu wa Kenya si nchi: mtu anatembea kwenye matope. Mama mmoja akasema hayo ni mambo ya chumbani na sisi tuache, watoto wanasikiliza. Mtangazaji akashindwa kuongea, akanionyesha mkono niweke muziki. Aliyepata hakuna.

Nusu ya pili tukapiga zile dakika nne. Mtangazaji aliniuliza kwa ishara kama aseme nani alifuta, nikainama kwenye mashine. Akasema tu "mfanyakazi mmoja wa redio yetu". Baada ya tik tukaiacha korale iimbe kidogo, ilikuwa wazo la stajeri. Simu zikaingia nyingi, watu wanamalizia mchezo wenyewe, mmoja anasema ile bahasha mwishoni inapatikana kwa jirani, mwingine anabisha ilipatikana kwa mama mkwe.

18h52, mama mmoja wa Kampemba, sauti ya taratibu. Marehemu bwana yake alikuwa anarekodi maigizo nyumbani, anaweka redio mbili zinatazamana mezani na watoto wanakatazwa hata kupiga chafya. Katoni ipo chini ya kitanda. Hajui ndani kuna nini, mashine ya kupigia iliibiwa zamani. Nikachukua namba yake kwa mkono, kwenye gazeti lile lile la misumari. Naenda Jumatatu asubuhi na ganda la akiba na biki.

20h30. Nyumbani, giza. Kwa mwanga wa simu nimeitundika taulo kwenye kamba nikiamini nimepona.

20h40. "Papa Junior, hii taulo juu ya nini inanuka maziwa?"

Nikamwambia kondoo amezaa. Hajacheka. Ananingojea mlangoni na beseni na sabuni, acha niishie hapa.