Nilivyojenga mandhari ya tovuti ya dagaa kwa simu za Kigoma

Mandhari hii, yaani mpangilio na mwonekano wa tovuti, ni ya muuza dagaa na migebuka wa Kigoma. Wateja wake, kuanzia wachuuzi wa mwalo wa Kibirizi hadi wanaoagiza mzigo wakiwa Tabora, huifungua kwa simu, kwa hiyo kompyuta niliiacha ije mwisho.

Simu nyingi za Android za bei nafuu huhesabiwa na kivinjari kuwa na upana wa pikseli 360, hata kama kioo chenyewe kina 720. Hilo halifanyi kazi mpaka uweke mstari huu ndani ya head, sehemu ya juu ya faili la HTML:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Ukiukosa, kivinjari hudhani ukurasa ni wa kompyuta, huupanga kwa upana wa takriban pikseli 980, kisha huusinyaza mpaka maandishi hayasomeki. CSS (maagizo ya mwonekano) ya msingi niliiandika kwa ajili ya upana mdogo, na nyongeza za skrini pana nikazitia ndani ya @media (min-width: 600px), ambayo hutumika upana ukifika pikseli 600. Maandishi ni pikseli 16. Visanduku vya fomu navyo visipungue hapo, maana Safari ya iPhone huvuta ukurasa mteja anapogusa kisanduku chenye herufi ndogo zaidi.

Kazi kubwa ilikuwa orodha ya bei. Ukitoa pikseli 16 kila upande zinabaki 328, na safu nne (aina, kipimo, rejareja, jumla) hazitoshi. Wengi huifunga jedwali kwenye kisanduku chenye overflow-x: auto ili lisukumwe kwa kidole. Mimi sikubali njia hiyo kwa bei: safu inayofichika kulia ndiyo mteja aliyoifuata, na hakuna kinachomwonyesha kwamba ipo. Niliweka safu mbili tu, aina na bei ya rejareja, kipimo kikakaa chini ya jina la samaki kwa herufi ndogo kidogo, na bei ya jumla ikapewa jedwali lake. Maneno marefu ya Kiswahili nayo hutoboa ukingo wa safu. Overflow-wrap: anywhere huyakata.

Menyu ilinihitaji nifikirie kivinjari cha Opera Mini. Ikiwa kwenye hali ya kubana sana, JavaScript (msimbo unaoendesha vitendo vya ukurasa) huendeshwa kwenye seva na simu hupokea ukurasa uliokwisha kupangwa, hivyo menyu inayosubiri kubonyezwa inaweza isifunguke kabisa. Nimeweka juu kiungo cha kawaida kinachoelekea #menyu, na orodha yenyewe iko chini ya ukurasa. Hufanya kazi kila mahali, bila JavaScript hata kidogo.

Vitufe vina kimo cha pikseli 48 na nafasi ya 8 kati yake. Cha kupiga simu kinatumia tel:, cha WhatsApp kinatumia wa.me/255 ikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha; ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo hakimfikii mtu.

Picha ndizo zinazomaliza bando. Kila moja niliipunguza hadi upana wa pikseli 720, nikaihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, kwa ubora wa 75, na nikaandika width na height kwenye HTML ili maandishi yasirukeruke picha inapofika. Zilizo chini zina loading="lazy", yaani hupakuliwa mteja anapozikaribia; ya kwanza sikuipa, kwani ingechelewa bure. Fonti ni system-ui, ile iliyomo tayari kwenye simu, hivyo hakipakuliwi kitu.

Rangi nilizipima ili utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli usipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, kisha nikazitazama nje juani, kwa sababu kijivu kinachopendeza ndani hupotea kabisa mchana mwaloni.

Jambo moja hubaki baada ya kupandisha faili: simu ya mteja huenda ikaendelea kutumia CSS ya zamani iliyoihifadhi. Kila ninapoibadilisha, kiungo cha CSS hupanda namba, style.css?v=2, kisha v=3, ili simu ilione kama faili jipya.