Jinsi nilivyokusanya Love and Rockets bila kununua hadithi ileile mara mbili

Love and Rockets ni katuni za hadithi, na mfululizo wake wa kwanza, matoleo 50, ulitoka kwa mchapishaji Fantagraphics kati ya 1982 na 1996. Kinachovuruga ni chapa za baadaye: albamu za zamani, yaani vitabu vinavyokusanya hadithi za matoleo hayo, huchanganya kazi za ndugu wawili, Jaime na Gilbert Hernandez, na vitabu vinene vya jalada gumu hurudia hadithi zilezile. Nilichora jedwali daftarini: hadithi, mtunzi, toleo ilikotoka kwanza. Kisha nikashika msururu mmoja tu wa vitabu vya mkusanyiko, ule ulioanza 2007, unaomtenga kila ndugu. Kwa Jaime nilianza na Maggie the Mechanic, kwa Gilbert Heartbreak Soup. Kitabu cha Amor y Cohetes katika msururu huo usikiruke hata kidogo. Humo ndimo zilimo hadithi za pembeni, za ndugu yao Mario zikiwemo. Nikikuta albamu ya zamani, nasoma kwanza yaliyomo. Jina la jalada silitegemei.