Ijumaa Moja Safed

Mzee aliyenifungulia Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi kuhusu Mungu, hakuwa rabi. Alikuwa mkulima wa matufaha huko Galilaya ya Juu, kaskazini mwa Israeli, baba wa mwenye shamba nililopangiwa kwa mafunzo ya kilimo. Ijumaa moja mchana, kazi ilipokwisha, aliniambia nioge, nivae shati jeupe, tukaikaribishe Sabato mjini Safed.

Nilikuwa naisubiri siku hiyo. Nimelelewa Ulyankulu, mkoani Tabora, na wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilikwishasikia kwamba Kabala ilistawi Safed katika karne ya 16, miongoni mwa watu ambao wengi wao walitokana na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Nilitaka kujua watu walionyang'anywa nchi walizungumza nini na Mungu.

Kabla ya kuwasha pikapu, mzee alichana kipande cha boksi la matufaha, akakiweka juu ya usukani na kuchora kwa penseli viduara 10 katika safu tatu. Hizo ni sefiroti, njia ambazo Mungu anajidhihirisha kwazo. Mungu mwenyewe, Ein Sof, Asiye na Mwisho, hachoreki. Upande wa kulia akaandika Hesedi, rehema. Mkabala wake, Gevura, ukali wa hukumu. Akaviunganisha na Tifereti katikati, kwa kuwa rehema bila hukumu huharibu, na hukumu bila rehema huua. Kiduara cha chini kabisa alikikoleza mpaka penseli ikatoboa boksi.

"Huyu ni Malkuti," alisema. "Ndiye Shekina, uwepo wa Mungu kati ya watu. Tulipofukuzwa, naye alikwenda uhamishoni pamoja nasi."

Nilimwomba arudie. Kanisani kwetu Ulyankulu tuliimba sana habari za Mungu anayetungoja nyumbani. Sikuwahi kusikia mtu akisema kwamba Mungu naye alivuka mpaka kwa miguu usiku ule, pamoja na mama na ndugu zangu waliokuwa hai wakati huo.

Tulifika jua likiwa bado juu, tukateremka makaburini. Mteremko mzima ni makaburi, na lile la Isaac Luria, ambaye wao humwita Ari, limepakwa rangi ya buluu. Watu walikuwa wameacha vijiwe juu yake. Luria alitoka Misri akafika hapa mwaka 1570, na mwaka 1572 tauni ikamuua akiwa na miaka 38. Mwenyewe aliandika kidogo mno. Mwanafunzi wake Hayim Vital ndiye aliyeyaweka mafundisho yake kwenye maandishi. Miaka ile miwili tu, na bado Wayahudi wanaiishi hadi leo! Ng'ambo ya bonde mzee alinionyesha mlima Meron, mahali pa kaburi la Shimon bar Yochai, ambaye mapokeo yanasema ndiye aliyeandika Zohari, kitabu kikuu cha Kabala. Wasomi wengi wanasema kitabu hicho kilitokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Mzee aliyajua yote mawili, na hakuona sababu ya kugombana.

Hapo kaburini ndipo aliponieleza fundisho la Ari. Mungu alikuwa amejaa kila mahali, kwa hiyo ili ulimwengu upate nafasi, ilimbidi ajivute nyuma. Kisha akamimina nuru ndani ya vyombo. Vyombo havikuistahimili, vikavunjika, na cheche za nuru zikatawanyika na kunaswa ndani ya maganda ya uovu. Tangu hapo kila kitu kiko mahali pasipo pake. Kazi ya binadamu, kwa sala na kwa kila tendo jema, ni kuziinua cheche zile.

Naumia ninapoona Kabala ikiuzwa kama uzi mwekundu wa bahati. Hii ni elimu ya watu waliofiwa.

Jioni, katika sinagogi dogo, waliimba Lekha Dodi, wimbo uliotungwa hapohapo Safed na Shlomo Alkabetz. Unauambia mji wa Yerusalemu ujikung'ute mavumbi, kwani umekaa vya kutosha katika bonde la machozi. Kwenye beti la mwisho wote waligeukia mlangoni, wakainama kumpokea Sabato kama bibi arusi. Nami niliinama.

Tulilala kwa dada yake, kwani Sabato hawaendeshi gari. Mezani nilimsimulia mzee habari za mwaka 1972, na kaka zake baba waliochukuliwa wasirudi. Kisha nikamuuliza kama cheche hizo zimo hata ndani ya waliowachukua.

Alikaa kimya, akauvunja mkate, akanipa kipande. "Ari anasema hata uovu hauishi bila cheche iliyonaswa ndani yake," alijibu. "Mimi nina miaka 70 na zaidi, na fundisho hilo bado linanishinda."

Nilimwambia hata mimi silikubali. Dada yake akasema tule kwanza, halafu nimtajie majina ya baba zangu wale, mmoja mmoja.