Solido Yangu Yenye Tundu

Sarafu pekee ya dhahabu niliyo nayo hapa Tabora imetobolewa, na wakusanyaji wengi huzikwepa sarafu za namna hiyo, ndiyo maana niliweza kuimudu baada ya kujiwekea akiba kwa miaka kadhaa. Ni solido ya Theodosius wa Pili, aliyetawala Roma ya Mashariki tangu mwaka 408 hadi 450. Anaonekana amevaa kofia ya vita, mkuki umepita nyuma ya kichwa chake, na kwenye ngao yake amechorwa mpanda farasi akimshambulia adui.

Kinachonivutia zaidi ni uzito. Aureo, sarafu ya dhahabu iliyotangulia solido, ilipunguzwa mara kwa mara: Nero aliamuru aureo 45 zitoke katika ratili moja ya Kirumi, na Caracalla akazifikisha 50, maana kila kaisari aliyeishiwa fedha alijua pa kukata. Mwanzoni mwa karne ya nne Constantine akaweka kipimo kipya, solido 72 kwa ratili, yaani takribani gramu 4.5 kwa sarafu, na kipimo hicho kikashikiliwa hadi karne ya 11. Ninapofikiria kwamba kwa karne saba hivi mfanyabiashara aliweza kuipokea sarafu hiyo akijua anachopewa, nastaajabu kweli.

Jambo jingine ninalolizingatia sana ni hati za asili. Mwaka 2020 aureo ya Brutus, iliyotolewa kuadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3, kisha ikabainika kwamba maelezo ya ilikotoka yalighushiwa, na mwaka 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Kwa hiyo sikulipa hata senti kabla ya kuona karatasi za wamiliki waliotangulia.

Wiki iliyopita niliipeleka kwa mzee mmoja sonara, ambaye amezoea kupima dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Nzega. Mizani ilisoma gramu 4.36. Nilipomweleza kipimo cha Constantine, aliigeuza sarafu taratibu kwa kibano, akaniuliza, “Sasa mwanangu, hicho kilichopungua kimekwenda wapi?” Nikamwonyesha kwamba ukingo umelika kidogo kwa kushikwashikwa, kisha nikamwonyesha tundu, mahali ulipopita uzi wa mtu aliyeivaa shingoni.