Siku moja na kuvu wa udongo, Kilimanjaro Magharibi

Saa 12 asubuhi. Baridi ya huku si mchezo. Leo nachunguza kuvu wanaoishi na mizizi ya miti. Napanga bomba la chuma la kuchotea udongo, mifuko, kisanduku cha barafu na spiriti. Spiriti haisahauliki: bomba hufutwa kila tunapohama, maana chembe ya udongo wa huku ikifika kule, vipimo vya vinasaba vitatudanganya.

Saa 2. Msitu wa asili wa mitarakwa. Tunapangusa majani makavu, tunachota sentimita 10 za juu. Kwa macho huoni kitu, kwa kuwa kuvu wa mtarakwa huingia ndani ya seli za mzizi. Mti wa mpodo nao ni hivyohivyo.

Saa 4 na nusu. Shamba la misindano, Pinus patula, mti wa Meksiko. Hapa kuvu wanajionyesha wenyewe. Nafukua mboji kwa vidole, na ncha za mizizi zinatokea zimegawanyika kama panda ya manati, kila moja imevikwa ala ya kuvu. Hawa ni wa kundi lingine kabisa, na walikuja na mti wao. Misindano ilipoanza kuoteshwa Afrika Mashariki, miche ilidumaa vitaluni mpaka ilipopewa udongo wenye kuvu hao. Ndiyo maana anayebadilisha mtarakwa kwa msindano anabadilisha hata wakazi wa chini.

Saa 7 mchana, palipoungua, tunapotaka kupanda mitarakwa. Hapa ndipo ninapokaa sana. Gogo lilipowaka kwa muda mrefu, udongo umegeuka mwekundu na hauna mzizi hai. Hatua chache pembeni, moto ulipita mbio juu ya nyasi. Nikichimba kidogo tu nakuta mizizi mizima. Juu ya jivu lenye unyevu ametanda Pyronema, kuvu wa rangi ya chungwa, anayestawi kwa sababu washindani wake wamekufa. Yeye hana neno. Ninayemhofia ni kuvu mwingine, Rhizina undulata: joto la moto huziamsha mbegu zake, naye huua miche ya misindano iliyopandwa kwa pupa. Kusini mwa Afrika wanamjua vizuri.

"Mwanangu, hivi vichaka vilivyobaki tufyeke?" mzee wa kitalu ananiuliza.

"Tuviache kwanza mzee, niitazame mizizi yake."

Saa 1 usiku, maabara. Mizizi ya vichaka imechemshwa kwenye potasi hadi ikawa myeupe, kisha kwenye siki iliyotiwa wino. Chini ya hadubini seli zimejaa matawi madogo ya kuvu, yameshika rangi barabara. Hapo ndipo mmea hupokea fosforasi na kulipa kwa sukari. Ni kundi lilelile la kuvu wanaouhudumia mtarakwa, na wamepona moto ndani ya mizizi ya vichaka.

Nampigia mzee. Vichaka visiguswe mpaka mitarakwa ipandwe katikati yake, na udongo wa viriba uchotwe chini ya mitarakwa mikubwa, si chini ya misindano.